Kutoka Diwani ya Sayyidna Umar hadi Maziwa ya Kopo: Nani Mlinzi wa Mtoto Anyonyaye?

  

Mwaka 1998 tulikuwa tukisomesha madrasa Sikonge, kusini mwa Tabora. Ijumaa moja baada ya swala alitujia mtu wa makamo kutoka kijiji kilichoko njia ya Ipole, amefunga kopo la maziwa ya unga ndani ya kitambaa. Mkewe alikuwa amefariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto, wa kike, alikuwa hai. Swali lake lilikuwa hili: "Maalim, jirani yetu naye anampa mwanawe maziwa ya kopo kama hili. Watoto hawa wakikua, si watakuwa ndugu wa kunyonya? Wataoana?" Tukamjibu kwamba udugu wa kunyonya hauthubutu isipokuwa kwa maziwa ya mwanamke, na maziwa ya kopo asili yake ni ng'ombe, basi asiwe na wasiwasi. Akashukuru, akaondoka. Jibu lilikuwa sahihi kwa mujibu wa fiqhi. Lakini kopo lenyewe hatukulishika.

Wiki ya tisa tukaitwa kuzika. Baada ya maziko tukaoneshwa kopo la tatu, lililokuwa limebaki nusu. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imepita kwa miezi mingi. Maelezo yake hayakuwa ya Kiswahili wala ya Kiingereza wala ya Kiarabu. Baba, kwa kuwa kopo ni ghali na hakuweza kusoma maelekezo, alikuwa akitia kijiko kimoja katika kikombe kizima ili limfikishe mwezi, na maji yalikuwa ya kisimani, hayakuchemshwa. Hatusemi kopo ndilo lililomuua mtoto yule. Ajali iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na cheti cha daktari hakikuwepo. Tunasema tu kwamba tuliulizwa juu ya kopo, nasi tukajibu juu ya nasaba.

Vijana wa msikitini walitaka kwenda siku ileile kwenye duka lililouza makopo yale, wayatoe nje wayamwage. Wazee wakawazuia. Mmoja wetu akenda kwa bwana afya, naye akaja, akayaondoa makopo dukani kwa utaratibu wa serikali. Ndipo akatuambia jambo ambalo hatukulijua: kwamba nchi hii ilikuwa na kanuni za kusimamia uuzaji wa maziwa ya watoto tangu mwaka 1994. Miaka minne ilikuwa imepita, na katika mimbari zetu halikutajwa hata neno moja. Makala hii ni deni la siku ile.

NCHI YA ASALI, SI YA MAZIWA

Msomaji asiyeijua Sikonge huenda akashangaa kwa nini mtu aulize udugu wa kunyonya kabla ya kuuliza usalama wa anachomnywesha mwanawe. Jawabu limo katika historia ya nchi yenyewe.

Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiita Kazeh au Unyanyembe, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mwaka 1871, Mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora na njia ya magharibi ikafungwa, Stanley alilazimika kuzunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo ili afike Ujiji, yaani alikata misitu ya upande huu wetu. Uislamu nao uliingia huku kwa miguu ya wapagazi na wafanyabiashara wa misafara hiyo.

Misitu hii ya miombo ni makao ya mbung'o, na penye mbung'o ng'ombe hakai. Watu wa Sikonge wakajulikana kwa asali na nta, na baadaye kwa tumbaku. Ng'ombe wengi wameonekana katika miaka ya karibuni tu, waliposhuka ndugu zetu Wasukuma na mifugo yao. Kwa hiyo mtoto aliyefiwa na mama hakuwa na maziwa ya mnyama ya kumtegemeza. Alinyonyeshwa na khalati yake, au shangazi, au bibi ambaye bado ana maziwa, ama sivyo alipewa uji mwepesi na kusubiri qadari. Ndiyo maana mas'ala ya radhaa yalikuwa elimu hai nyumbani: kila bibi alijua nani kamnyonyesha nani. Kopo lilipoingia madukani, watu walilipima kwa mizani waliyokuwa nayo.

Na mizani hiyo ina uzito wake. Qur'an Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 233, imeweka muda wa miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, ikamwajibisha baba chakula na mavazi ya mama kwa wema, na ikaruhusu kuachisha kabla ya hapo kwa sharti la kuridhiana na kushauriana wazazi wawili. Suratut Talaq aya ya 6 inataja ujira wa mama aliyetalikiwa anayenyonyesha, na kwamba wakishindwana anyonyeshe mwingine. Wanafunzi wetu wanaosoma Minhaj ya Imam an-Nawawi wanajua kwamba katika madhehebu ya Shafi ni wajibu wa mama kumnyonyesha mwanawe yale maziwa ya mwanzo, al-liba', ambayo sisi tunayaita dang'a, kwa kuwa aghlabu mtoto haishi bila ya hayo. Madaktari wa leo wanasema dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, na wanataka anyonyeshwe ndani ya saa moja ya kuzaliwa.

Tuseme na hili kwa faida ya wanafunzi. Katika vitabu vya Wahanafi, miongoni mwao al-Mabsut cha as-Sarakhsi, kimepokewa kisa kwamba Imam al-Bukhari alitolewa mji wa Bukhara kwa kutoa fatwa kuwa watoto wawili walionywa maziwa ya kondoo mmoja ni ndugu. Abul Hasanat al-Laknawi, naye ni Hanafi, ameona kisa hicho ni cha mbali mno kusadikika, na sisi tuko pamoja naye. Ama benki za maziwa ya akina mama, hilo ni jambo jingine kabisa: Majma' al-Fiqh al-Islami ilipokutana Jeddah Disemba 1985 ilizikataza, kwa kuchelea nasaba kuchanganyika.

USIKU WA SAYYIDNA UMAR (R.A.)

Wengi wetu tunadhani kwamba serikali kuingilia unyonyeshaji ni bid'a ya Umoja wa Mataifa. Asome Tabaqat ya Ibn Sa'd mwenye kudhani hivyo.

Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alipoweka diwani ya kugawa mali ya umma, kila mtu akiandikiwa fungu lake, alipanga kwamba mtoto asiandikiwe mpaka aachishwe ziwa. Kwa macho ya mtu wa ofisini kanuni hiyo haina ubaya: anayenyonya hana gharama, anayekula anayo. Kisha ukafika Madina msafara wa wafanyabiashara, ukapiga kambi kwenye uwanja wa swala. Umar akamchukua Abdurrahman bin Auf (R.A.) wakaulinde usiku. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamwambia amche Mwenyezi Mungu na amtazame mwanawe. Akarudi mahali pake, kilio kikaanza tena, akaenda tena. Mwisho wa usiku akamlaumu kuwa ni mama mbaya. Mwanamke yule, asiyemjua anayesema naye, akamwambia kuwa amemchosha: yeye anamlazimisha mtoto kuacha ziwa naye hataki. Kwa nini? Kwa sababu Umar haandikii ila aliyeachishwa. Akamuuliza umri wa mtoto, akatajiwa idadi ya miezi ambayo haijafikia wakati wa kuachishwa.

Akaswalisha Alfajiri, na watu hawakuweza kuusikia vyema usomaji wake kwa kilio. Baada ya salamu akajilaumu mbele ya watu, akijiuliza ni watoto wangapi wa Waislamu amewaua. Kisha akaamuru mpiga mbiu atangaze kwamba watu wasiwaharakishe watoto wao kuacha ziwa, kwani kila atakayezaliwa katika Uislamu ataandikiwa fungu, na akaandika barua hiyo kwa miji yote. Fungu la mtoto mchanga likawa dirhamu 100, na akikua kidogo dirhamu 200.

Faida za kisa hiki ni nyingi, lakini iliyotushika sisi ni moja. Umar hakuvunja ahadi wala hakula mali ya mtu. Kanuni yake ilikuwa na sababu nzuri, na mama yule hakuwa mwovu. Baina ya kanuni nzuri na mama mwema, mtoto akawa anaangamia, na halikujulikana hilo mpaka mtawala alipokwenda mwenyewe gizani na kuuliza kwa nini mtoto analia. Nasi Ijumaa ile tulikuwa na kanuni nzuri mkononi.

Kuna kisa cha pili kilichoenea zaidi vinywani mwa wahadhiri: binti aliyekataa amri ya mama yake ya kutia maji katika maziwa ya kuuza, akijua kwamba Umar amekataza na kwamba asipoona Umar, Mola wa Umar anaona. Wanahistoria wanasema Umar alimwoza binti huyo kwa mwanawe Asim, na katika kizazi chake akatoka Umar bin Abdul Aziz. Watu wanakisimulia kwa ajili ya uchamungu wa binti, nao ni wa kusimuliwa. Lakini tazameni pia kwamba katazo lilikuwepo, lilikuwa limetangazwa, na mama wa nyumbani alikuwa analijua.

GHUSHI YA ZAMANI NA GHUSHI YA KIWANDANI

Msingi wa yote haya ni Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu ndani, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha na akajitenga na mwenye kughushi. Kutokana na hapo wanazuoni wakajenga mlango mzima wa hisba. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, aliuandikia mlango katika al-Ahkam as-Sultaniyya. Baadaye vikatungwa vitabu vya kazi ya muhtasib, kama cha ash-Shayzari na cha Ibn al-Ukhuwwa, vinavyoingia mpaka kwa mwokaji, mchinjaji na muuza maziwa. Katika vitabu vya fani hii mna kipimo cha kuchovya unywele katika maziwa: ukitoka mtupu, bila ya maziwa kuganda juu yake, yametiwa maji.

Sasa tuje kwenye kopo. Katika miaka ya 1860 mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig alitengeneza chakula cha kuiga maziwa ya mama, na mwaka 1867 Henri Nestlé huko Uswisi akaanza kuuza unga wake wa maziwa na ngano. Haja ilikuwepo, kwani mayatima wapo kila mahali. Tatizo lilikuja pale bidhaa iliyokusudiwa dharura ilipotafutiwa soko la watu wote. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, aliyekuwa ameona maradhi ya watoto Gold Coast, alisimama Singapore akahutubia dhidi ya matangazo ya maziwa ya makopo akiyaita mauaji. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza likatoa kijitabu kuhusu makampuni hayo katika nchi maskini, ambako wauzaji walivaa sare kama za wauguzi na kuwapa wazazi sampuli za bure. Mama akitumia sampuli, maziwa yake hupungua kwa kutonyonywa, na sampuli ikiisha lazima anunue. Asiye na fedha hutia maji zaidi. Mwaka 1977 watu wa Marekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé, na Mei 1981 Mkutano wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama kwa kura 118. Iliyopinga ni nchi moja tu, nayo ni Marekani.

Kanuni hiyo haikatazi kopo kuuzwa. Inakataza kulitangaza kwa umma, kuwapa akina mama sampuli za bure, kuwapa zawadi wahudumu wa afya ili walisifu, na kuweka picha za watoto wanene zinazolipamba. Inataka kopo liseme kwamba maziwa ya mama ni bora, lieleze namna ya kukoroga na hatari ya kukosea, na liandikwe kwa lugha ifahamikayo na wenyeji. Mwenye fiqhi akiisoma ataona nusu yake ni mlango wa ghushi na nusu yake ni mlango wa tadlis, yaani kuficha aibu ya bidhaa kwa mapambo.

Kama kuna anayeona hadithi ya binti na maziwa ni ya watoto wa madrasa, na akumbuke mwaka 2008. Huko China wafanyabiashara walitia maji katika maziwa. Maji yakipunguza protini, kipimo cha kiwanda hukataa. Wakatia kemikali iitwayo melamini, ambayo ina naitrojeni nyingi, na kipimo husoma naitrojeni kikidhani ni protini. Hapo unywele wa muhtasib ukadanganywa. Watoto wapatao 300,000 waliugua, wengi kwa mawe ya figo, na 6 ikathibitishwa wamekufa. Mwenyekiti wa kampuni ya Sanlu alifungwa maisha, na watu wawili wakauawa kwa hukumu ya mahakama mwaka 2009. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizopiga marufuku maziwa kutoka China wakati ule. Kosa lilikuwa lilelile: maji katika maziwa.

SHERIA ZA NCHI YETU

Tanzania haikulala. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kusimamia ubora wa chakula. Kanuni za 1994 tumekwisha zitaja. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ikaanzisha TFDA, na chini yake kanuni za vyakula vya watoto zikaandikwa upya mwaka 2013. Mwaka 2019 kazi ya chakula ikahamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Imamu atakayekuta kopo lililopitwa na wakati ajue basi kwamba mlango wa kubisha ni TBS au bwana afya wa halmashauri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo imempa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa mapacha, na baada ya kurudi kazini imemlazimisha mwajiri kumruhusu kwenda kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Tunawauliza wenye maduka na shule za Kiislamu: ni wangapi wanatoa saa hizo mbili? Hatujaona wengi.

Na haki ielezwe pande zote. Wenye elimu ya dunia nao walikosea na kurejea, kama alivyorejea Umar. Ilipogundulika kwamba ukimwi hupita katika maziwa, akina mama wengi wenye virusi walishauriwa wasinyonyeshe. Botswana serikali iliwapa maziwa ya kopo bure. Mwaka 2006, baada ya mvua kubwa kuchafua maji, ukazuka ugonjwa wa kuharisha uliowaua mamia ya watoto, wengi wao wale waliokuwa hawanyonyi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya: mama atumie dawa za kufubaza virusi huku ananyonyesha. Hata kopo lililo salama kabisa si safi kama watu wanavyodhani. Tangu 2007 mwongozo ni kwamba maji ya kukorogea yawe yamechemshwa na yasiwe chini ya nyuzi 70, kwani unga wenyewe unaweza kubeba vijidudu.

Juhudi hizi zina matunda. Utafiti wa kitaifa wa 2004/05 ulikuta asilimia 41 ya watoto wa chini ya miezi 6 wananyonya maziwa ya mama pekee. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 64.

Lililobaki ni la vijana wetu wa mwaka 1998. Al-Mawardi ametofautisha baina ya muhtasib aliyeteuliwa na mwenye kujitolea, akataja tofauti tisa. Aliyeteuliwa ana haki ya kukagua, kuweka wasaidizi na kuadhibu. Mwenye kujitolea anakataza munkari aliouona kwa nasaha, wala hana mamlaka ya kupekua au kutia adabu. Wazee waliowazuia vijana walisema kweli, ingawa hakuna kati yao aliyesoma kitabu hicho. Lakini kujitolea nako ni kazi. Mkaguzi hawezi kufika kila juma katika kila duka kuanzia Sikonge mjini mpaka Kitunda, na imamu yuko kila kijiji. Anayeletewa kopo alishike, atazame tarehe, asome maelekezo, amuulize mleta vijiko vingapi kwa maji kiasi gani na maji yametoka wapi, amwelekeze kliniki, aulize kama katika ukoo yupo khalati au bibi awezaye kunyonyesha. Kisha ajibu habari ya nasaba.

Mwaka jana tulipita Sikonge tukielekea Mpanda. Tukaingia katika duka karibu na stendi, tukaomba kopo la maziwa ya watoto, tukavaa miwani. Tarehe ilikuwa mbele kwa zaidi ya mwaka, na maelezo ya Kiswahili yalikuwepo, kwa herufi ndogo mno. Kijana muuzaji akatutazama tunavyolizungusha. "Shehe, umepata mjukuu?" Tukamwambia hapana, tukalirudisha kwenye rafu.